Paka akijeruhiwa: Jeraha lipi la kutibu nyumbani, lipi la daktari wa mifugo

WAKAZI wengi wa kaunti za Kitui na Makueni hufuga paka kwa sababu moja kuu: kulinda chakula. Ghala la mahindi na magunia ya pojo na kunde yana adui mkubwa katika panya, na katika nyanda hizi kavu, ambako mvua hutarajiwa misimu miwili kwa mwaka na mara nyingine ikakosekana kabisa, gunia moja lililotafunwa si hasara ndogo.

Thamani ya nafaka safi ilidhihirika mwaka wa 2004, wakati mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini yalipoua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutokana na kuvu wala si panya. Hata hivyo, punje iliyotobolewa na wadudu au kutafunwa na panya, kisha ikapata unyevu, huingiwa na kuvu kwa urahisi kuliko punje nzima.

Licha ya kazi hiyo anayoifanya, paka anapoumia aghalabu huachwa ajitibu mwenyewe. Mbuzi akivunjika mguu, daktari wa mifugo hutafutwa. Paka akirudi alfajiri akichechemea na sikio limechanika, husemwa kwamba roho ya paka ni ngumu, na mambo huishia hapo.

Ni kweli kwamba yapo majeraha ambayo hupona bila daktari. Lakini yapo mengine yanayoonekana kama tundu la sindano, ilhali yanaweza kumuua mnyama kwa siku chache. Na ipo aina moja ya jeraha ambayo haihatarishi maisha ya paka pekee, bali ya kila mtu wa boma, hasa watoto: jeraha la meno ya mnyama mwenye kichaa cha mbwa.

Swali basi kwa mwenye paka anayeishi Mutomo, Kyuso au Mbooni, ambako huenda daktari wa mifugo yuko kilomita nyingi na nauli ya bodaboda ni ya kutafutwa, ni hili: ni jeraha lipi linalostahili safari hiyo, na ni lipi linaloweza kusubiri?

Kwa nini jeraha la paka hudanganya

Paka ni mwindaji, lakini pia huwindwa na wanyama wakubwa kumliko. Kwa hiyo ana silika ya kuficha maumivu. Hatalia kama mbwa. Atajificha chini ya kitanda au nyuma ya ghala, atakataa chakula, na atakaa amejikunyata kimya. Mwenyewe akidhani amelala, huenda mnyama huyo yuko katika maumivu makali.

Isitoshe, ngozi ya paka ni legevu na huziba upesi. Meno ya paka mwenzake ni membamba na makali kama sindano. Yanapopenya ngozi hupeleka viini ndani kabisa ya nyama, kisha ngozi hujifunga juu yake baada ya muda mfupi. Viini hivyo hubaki vimefungiwa ndani, penye joto na pasipo hewa, na huzaana. Baada ya siku mbili hadi tano, jipu hutokea.

Ndiyo maana ukubwa wa jeraha peke yake si kipimo cha kutosha. Mchubuko mrefu wa kucha unaweza kupona wenyewe, ilhali vitundu viwili vya meno visivyotoa hata tone la damu vikahitaji daktari. Wahenga hawakukosea waliposema mdharau mwiba mguu huota tende.

Mchunguze kwanza, kwa utaratibu

Kabla ya kuamua lolote, mwenye paka anapaswa kumchunguza mnyama wake kwa utulivu. Paka mwenye maumivu anaweza kumuuma hata yule anayempenda. Mfunike kwa taulo, leso nzito au gunia safi, ukiacha kichwa nje, na umwombe mtu mwingine mzima amshike. Watoto wakae mbali.

Ikiwa kuna uwezekano wowote kwamba aliumwa na mbwa asiyejulikana au na mnyama wa mwituni, usimguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki isiyotoboka, kwa sababu mate ya mnyama aliyemuuma yanaweza kuwa bado yako katika manyoya yake.

Mambo ya kutazama ni haya:

Kwanza, pumzi. Paka aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 20 na 30 kwa dakika moja. Akizidi 40 akiwa amepumzika, au akihema kinywa wazi kama mbwa, hali yake ni ya hatari.

Pili, rangi ya ufizi. Inua mdomo wa juu na utazame. Ufizi wenye afya ni wa waridi, ingawa baadhi ya paka wana madoa meusi ya kuzaliwa. Ukiubonyeza kwa kidole, huwa mweupe, kisha rangi hurudi kabla ya sekunde mbili kupita. Ufizi mweupe, wa kijivu au wa samawati ni dalili ya kupoteza damu nyingi au kukosa hewa.

Tatu, joto la mwili. Paka mwenye afya ana joto la kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, ambalo ni kubwa kuliko la binadamu. Hupimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa katika tundu la nyuma. Juu ya 39.5 huashiria homa; chini ya 37.5 baada ya kuumia ni hatari zaidi. Kushika sikio na kusema lina joto si kipimo cha kuaminika.

Nne, mwendo na mwili mzima. Je, anakanyagia miguu yote? Je, tumbo limevimba au ni gumu? Pitisha vidole polepole kinyume cha manyoya, kwani jeraha lililo wazi linaweza kukufanya usione mengine mawili yaliyofichika.

Majeraha ya kupelekwa mara moja

Hali zifuatazo hazingoji kuche wala gulio lifike. Mnyama apelekwe mara moja, au daktari apigiwe simu usiku huo huo:

Damu inayotoka kwa kasi au isiyokoma baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika tano hadi kumi bila kufunuafunua. Damu inayoruka kwa mipigo inatoka katika mshipa mkubwa.

Jeraha lililopenya kifua au tumbo, hasa ikiwa hewa inasikika ikipita au utumbo unaonekana. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi na usijaribu kurudisha kitu ndani.

Jeraha la jicho, au jicho lililotoka mahali pake.

Mfupa unaoonekana, mguu unaoning'inia, au paka asiyeweza kusimama.

Paka aliyegongwa na gari au pikipiki, hata kama anatembea. Wanaoishi kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, kuanzia Sultan Hamud na Emali hadi Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, wanajua kwamba ajali hizi si chache. Paka aliyegongwa anaweza kuonekana mzima, ilhali kibofu kimepasuka au damu inavuja ndani.

Kuumwa na mbwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho tutakieleza. Ya pili ni kwamba mbwa humkamata paka na kumtikisa. Juu ya ngozi huonekana vitundu viwili vitatu, lakini chini yake misuli imechanika na mbavu huenda zimevunjika.

Kuumwa na nyoka, na kuungua kwa moto, uji au mafuta ya kupikia kwa sehemu yoyote kubwa kuliko kiganja cha mtoto, au usoni.

Majeraha ya kuonwa na daktari siku hiyo au kesho yake

Kundi la pili halihitaji kukimbiwa usiku, lakini halifai kuachwa wiki nzima.

Hapa kuna mpasuko ambao kingo zake zimeachana na nyama inaonekana, hasa ukizidi sentimita mbili. Jeraha safi hushonwa vizuri zaidi likiwa bado jipya, ndani ya saa sita hadi nane. Likichelewa, viini huwa vimekwisha kuingia na daktari huenda akalazimika kuliacha wazi lipone polepole.

Kuna pia vitundu vya meno ya paka mwenzake, hata vikiwa vidogo. Daktari akimwona paka siku ya kwanza, mara nyingi dawa ya kuua viini hutosha na jipu halitokei. Akimwona siku ya tano, atalazimika kumpa dawa ya usingizi, kupasua, kukamua usaha na kuosha ndani. Matibabu ya mapema huwa nafuu zaidi.

Uvimbe wenye joto, usaha, harufu mbaya au ngozi iliyogeuka nyeusi vinahitaji daktari. Vivyo hivyo paka anayechechemea kwa zaidi ya siku moja, aliye na homa, au aliyekataa chakula kwa saa 24. Paka si kiumbe wa kufunga. Akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini hurundikana katika ini na kumletea ugonjwa mwingine mkubwa kuliko jeraha lenyewe.

Jeraha lililo juu ya kiungo, katika unyayo au karibu na tundu la nyuma pia lionwe, kwa sababu hapo huchafuka au hufunguka kila mara. Kitoto cha paka, paka mwenye mimba na paka mzee hawafai kusubiri kama paka mzima mwenye nguvu.

Funza nao ni wa kundi hili. Katika joto la nyanda za chini, hasa baada ya mvua wakati nzi ni wengi, nzi hutaga mayai meupe mithili ya vipunje vidogo vya mchele katika manyoya yenye damu au usaha. Mayai hayo yanaweza kuanguliwa kabla ya siku moja kwisha, na funza huanza kula. Ukiona mayai, yachanue na uyaondoe yote. Ukiona funza wenyewe, mpeleke paka siku hiyo hiyo, kwa kuwa wanaoonekana nje ni wachache kuliko walio ndani.

Aina nyingine ya jeraha linalodanganya ni la waya. Paka aliyenaswa katika mtego uliotegewa sungura au kanga wa porini hurudi na alama nyembamba shingoni au mguuni. Waya ukiwa bado umezama katika nyama, usiuvute. Ngozi inaweza kuwa imeota juu yake, na kuuvuta kukakata mshipa.

Yale yanayoweza kutibiwa nyumbani

Mchubuko wa juu juu, mkwaruzo wa kucha usiozidi tabaka la juu la ngozi, mwiba wa mgunga uliotoka mzima, au ncha ya sikio iliyochanika kidogo na kukoma kutoa damu, vyote vinaweza kuangaliwa nyumbani. Sharti ni kwamba paka anakula, anatembea na anajilamba kama kawaida, na una hakika jeraha halikutokana na meno ya mbwa au mnyama wa mwitu.

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Kata manyoya kuzunguka jeraha kwa mkasi wenye ncha butu. Mimina maji hayo kwa wingi mpaka uchafu wote utoke, halafu kausha kwa kitambaa safi, bila kusugua. Ukiwa na dawa ya iodini ya kuoshea vidonda, ichanganye na maji mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea.

Rudia mara mbili kwa siku. Usifunge bendeji ya kubana. Bendeji iliyokazwa vibaya imewahi kugharimu wanyama wengi miguu yao. Iwapo paka analamba mahali pamoja bila kukoma, kata kipande cha katoni, ukitengeneze kama faneli na umvishe shingoni, kikiwa kilegevu kiasi cha kupitisha vidole viwili.

Tazama jeraha kila siku. Linalopona hupungua wekundu na uvimbe kuanzia siku ya pili au ya tatu. Linalozidi kuvimba, kunuka au kutoa maji baada ya muda huo limevuka mpaka, na safari ya kwa daktari haiepukiki.

Dawa zinazoua paka

Madaktari wa mifugo husikitika kwamba baadhi ya paka hawafi kwa majeraha, bali kwa dawa walizopewa na watu waliowatakia mema. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali nyingi ambazo ini la binadamu, mbwa au mbuzi huzimudu.

Hatari kubwa zaidi ni parasetamoli. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka. Dawa hiyo huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa. Ufizi hugeuka wa kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, na mnyama hukata roho. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo zisitumike.

Dawa za kuoshea sakafu na vyoo, na zile za kuua viini ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli. Zikipakwa kwenye jeraha hupenya ngozini, na paka akijilamba huzimeza. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza nyama changa inayojaribu kuota.

Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbuzi dhidi ya kupe zisimwagwe kwenye kidonda chenye funza wala popote katika mwili wa paka. Zile zenye permethrini humtia paka mtetemeko na kifafa. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, majivu na dawa ya meno pia havina nafasi katika jeraha.

Jambo jingine ni sindano za mbuzi. Paka mzima ana uzani wa kilo tatu hadi tano. Dawa ya kuua viini iliyopimwa kwa kukisia kutoka chupa ya mifugo inaweza kuzidi kiwango mara nyingi, na ikiwa pungufu huwafanya viini viizoee. Vidonge vilivyobaki vya mgonjwa wa nyumbani navyo si vya paka.

Akiumwa na nyoka

Maeneo makavu ya mashariki ya Kenya yana nyoka wengi wenye sumu, wakiwemo kifutu, koboko na swila watemao sumu. Mmoja wa swila hao, ambaye ni miongoni mwa wakubwa zaidi wa aina yake duniani, alitambuliwa rasmi na wanasayansi kuwa spishi ya pekee mwaka wa 2007, na akapewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Watamu.

Paka huumwa zaidi usoni na miguuni, kwa sababu humchezea nyoka. Sumu ya kifutu huleta uvimbe mkubwa unaoenea upesi pamoja na maumivu na damu. Sumu ya koboko hulegeza misuli, na mnyama anaweza kukosa pumzi bila uvimbe wowote kuonekana.

Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba, wala usipake mawe au dawa za kienyeji. Mweke paka ndani ya sanduku, asitembee, na umpeleke. Ikiwa swila amemtemea machoni, osha macho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kuondoka. Usimsake nyoka huyo ili umpeleke kwa daktari. Maelezo ya rangi na ukubwa wake yanatosha.

Kichaa cha mbwa: jeraha linalohusu boma zima

Hapa ndipo uamuzi kuhusu paka unapokuwa uamuzi kuhusu watu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, na Ukambani ni miongoni mwa sehemu ambazo kimesumbua kwa miongo mingi. Serikali ilipozindua mkakati wa kukiangamiza ugonjwa huo miongoni mwa binadamu kati ya 2014 na 2030, kaunti za kwanza kuteuliwa kwa majaribio zilikuwa Makueni, Kitui, Machakos, Siaya na Kisumu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa ndiye chanzo cha visa vingi sana, lakini paka aliyeambukizwa ni hatari ya pekee kwa sababu hulala ndani ya nyumba, hubebwa na watoto, na huuma na kuparura kwa wakati mmoja.

Paka akiumwa na mbwa asiyejulikana, mbweha au nguchiro, afungiwe katika chumba au kizimba, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Chini ya Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, mnyama anayeshukiwa si siri ya mwenyewe. Ni lazima taarifa itolewe kwa wenye mamlaka.

Kinachofuata hutegemea chanjo. Paka aliyechanjwa na ambaye chanjo yake haijapitwa na wakati hupewa nyingine mara moja, kisha huchunguzwa kwa siku 45. Asiyechanjwa yuko katika hali ngumu: daktari huenda akashauri auawe bila maumivu, au atengwe kabisa kwa miezi minne hadi sita. Hiyo ndiyo tofauti inayoletwa na sindano moja ya kila mwaka.

Dalili katika paka ni pamoja na kubadilika tabia ghafla, kushambulia bila kuchokozwa, sauti isiyo ya kawaida, kutokwa na mate, kushindwa kumeza na kuyumba miguu ya nyuma. Jeraha la awali huenda lilikwisha kupona wiki au miezi kabla. Paka akifa na dalili hizo, mzoga usitupwe wala usichunwe. Daktari wa serikali ndiye anayechukua sampuli ili ipimwe katika maabara.

Mtu aliyeumwa, aliyeparurwa, au ambaye mate yamemwingia katika kidonda, macho au kinywa, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Macho na kinywa vioshwe kwa maji tu. Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Sindano hizo hutolewa kwa ratiba ya siku maalumu, na kukatiza katikati ni kuhatarisha maisha. Paka mwenye afya aliyemuuma mtu naye hufungiwa na kuchunguzwa kwa siku kumi.

Hata bila kichaa cha mbwa, meno ya paka hupeleka viini ndani ya mkono wa binadamu, na kiganja kinaweza kuvimba usiku mmoja. Hilo pia ni la hospitali.

Mahali pa kupata daktari

Tangu huduma za mifugo zihamishiwe serikali za kaunti mwaka wa 2013, ofisi za mifugo hupatikana katika makao makuu ya kaunti mjini Kitui na Wote, na katika kaunti ndogo. Wapo pia madaktari wa kibinafsi mijini. Wengi wao hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini kuosha jeraha, kushona, kupasua jipu na kuchanja paka ni kazi walizosomea.

Muuzaji wa duka la dawa za mifugo si lazima awe daktari. Bodi ya Mifugo ya Kenya, inayosimamia taaluma hiyo chini ya sheria ya mwaka wa 2011, husajili madaktari na wasaidizi wao. Mwenye mnyama ana haki ya kuuliza kama anayemdunga paka wake amesajiliwa.

Piga simu kabla ya kusafiri. Eleza ni saa ngapi paka alijeruhiwa, kilichomjeruhi, kama anakula, rangi ya ufizi, na kama amechanjwa. Uliza gharama mapema bila haya. Daktari mwema atakueleza ni tiba ipi ya lazima na ipi inayoweza kungoja. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kumsaidia kuamua kama usafiri usiku huo au asubuhi. Mifupa iliyovunjika vibaya huenda ikahitaji kupelekwa Nairobi, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya wanyama katika bewa la Kabete.

Msafirishe paka ndani ya kapu lenye kifuniko au katoni iliyotobolewa matundu ya hewa. Gunia lililofungwa mdomo na kuning'inizwa kwenye pikipiki wakati wa jua kali linaweza kumuua kabla hajafika.

Kinga ni bora

Majeraha mengi ya paka dume hutokana na kupigania majike na mipaka. Dume aliyehasiwa huzurura kidogo, hupigana kidogo, na huendelea kuwinda panya kama kawaida. Vita hivyo pia hueneza virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, ambavyo haviambukizi binadamu lakini havina tiba. Paka shume wanaorandaranda sokoni ndio huvibeba zaidi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na kuendelea kwa ratiba ya daktari. Siku za chanjo ya mbwa zinapotangazwa vijijini, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpeleke paka pia. Mtie ndani ya kapu ili asiwatoroke mbwa waliokusanyika.

Funika jiko la makaa na mafiga baada ya kupika, kagua chini ya gari kabla ya kuwasha injini, na umlaze paka ndani usiku ikiwezekana, karibu na ghala analolilinda.

Ukibaki na shaka baada ya yote hayo, jiulize maswali matatu: Je, aliyemjeruhi ana meno? Je, paka amekataa kula tangu jana? Je, jeraha la leo ni baya kuliko la jana? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mpigie daktari. Na ikiwa meno hayo yalikuwa ya mbwa usiyemjua, usingoje hata swali la pili.